Neno Lililo Kando ya Jina la Bibi Euphrasie

Jumanne, 20 Oktoba 1931
Klabu ya kriketi hapa Grenada haipokei weusi, na ili iniingize inataka vyeti vya ubatizo: changu, na vya bibi zangu wawili. Bibi mzaa baba hana shida. Wazazi wake walikuwa Wareno wa Madeira, katika kitabu cha ubatizo ameandikwa alba, mweupe, tena kwa wino mzito. Shida ni Bibi Euphrasie, aliyemzaa Mama. Mapadri wa zamani waliandika kwa Kilatini, na kando ya jina lake wakaweka nigra, mweusi. Neno moja tu! Redhead, karani mwenzangu hapa posta, ameshaingia klabuni, na pua yake ni pana kuliko yangu. Nimempima kwa macho.

Jumatano, 21 Oktoba
Nimeshinda na kamusi. Waingereza wa zamani walikuwa na ngazi nzima: negro chini kabisa, juu yake mulato, halafu kwadruni, halafu masti, kila tone la damu na jina lake. Kilatini kina pia aethiops, Mhabeshi. Bibi yangu Mhabeshi? Kamati ya klabu haitakubali. Mama akauliza nasoma nini, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akataka kujua yeye yuko ngazi ya ngapi, ili ajue akae wapi wakati wa kula. Nikasema haya si mambo ya kuchekwa. Akanijibu: "Mwanangu, mama yangu alikuwa mweusi ti kama chungu, na chungu ndicho kilichokulisha."

Alhamisi, 22 Oktoba
Nimejitolea kumnakilia Padri Doyle kitabu kikuukuu cha ubatizo. Macho yake yamekwisha, anasoma kwa lenzi. Amenibariki mara mbili. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 24 Oktoba
Balaa! Nilikwangua neno lile kwa wembe, taratibu, kwa adabu zote. Kumbe wino ulikuwa umeila karatasi. Likatoka nigra, likatoka na jina. Sasa pana tundu, na Bibi hayumo. Nikasingizia mende. Padri akawalaani mende wote wa Grenada.

Jumapili, 1 Novemba
Watakatifu Wote. Mji mzima ulikuwa makaburini na mishumaa. Mama hana kaburi la kuwashia. Mafuriko yaliichukua pembe ya makaburi alikozikwa Bibi Euphrasie, mwaka niliozaliwa mimi. Alisimama langoni na mshumaa wake, hana pa kuuchomeka. Akasema si kitu, kesho jina la mama yake litasomwa kwenye Misa ya Marehemu, na hilo ndilo kaburi lake. Kifua chake ni kibaya. Daktari ameninong'oneza kwamba mwakani huenda Mama asiwepo kulisikia.
Hapo ndipo nilipokumbuka! Padri hasomi jina asiloliona kitabuni, tangu mtu mmoja alipoingiza jina la punda wake katika orodha ya marehemu. Shelisheli lililopikwa kwa nazi lilikuwa mezani, nami hulipenda sana. Halikupita.

Jumatatu, 2 Novemba
Majina husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na kila jina likisomwa, jamaa zake husimama. Padri alipofika Estelle, Mama akanishika mkono, akasimama kabisa. Akasomwa Eugène. Akasomwa Eulalie. Kisha Fabien. Mama hakukaa. Alisimama mpaka jina la mwisho, watu wakimtazama. Akaniuliza polepole: "Hilarion, hawajamsahau, sivyo? Labda Padri ameruka mstari." Nikasema labda. Nililia, nikasema ni moshi wa ubani.

Jumatano, 4 Novemba
Klabu wamejibu: hapana. Vyeti havihitajiki. Mama amemfulia mwenyekiti mashati miaka ishirini na miwili, ukoo wetu wanaufahamu vizuri. Redhead ndiye aliyeniletea habari, huku akichokoa meno.
Nilimkuta Mama anapiga pasi, mashati ya huyo huyo mwenyekiti. Nikamwambia yote, na wembe pia. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu: "Mrudishe. Nisije nikafika huko mbinguni nikaulizwa mtoto wa nani, nikakosa pa kuonyesha."

Ijumaa, 6 Novemba
Nimeziba tundu kwa kipande cha karatasi na gundi. Nimeandika Euphrasie kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Padri amefurahi, atamsoma Jumapili peke yake, kwa ajili ya Mama. Mama anapiga kofia yake brashi na kuimba.
Pembeni pa jina palikuwa wazi. Kalamu ilikuwa bado na wino. Kamati inakaa tena Januari, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikaandika alba.

Jumapili, 8 Novemba
Padri, kwa mapenzi yake, akausoma mstari mzima na kuutafsiri ili Mama aelewe: Euphrasie, mwanamke mweupe. Mama alikuwa ameshasimama. Akakaa. Akaninong'oneza: "Huyo si wetu. Tumngoje wa kwetu."
Tukangoja. Misa ikaisha, taa za altare zikazimwa, yeye bado amekaa na mkoba wake magotini. Moyo uliniuma, sijapata kuumwa hivyo.
Tuliporudi nyumbani nikafungua kamusi tena. Kuna neno fusca, maji ya kunde. Hilo hata Mama hawezi kulikataa.