Malalamiko ya Mzee Aliyegeuzwa Ukungu

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mtu unayemjua kwa sura tu. Mimi ndiye mzee aliyekuwa akionekana nyuma ya binti yangu, afisa ununuzi wenu, katika kikao chenu cha mtandaoni cha kila asubuhi. Kiti changu kiko dirishani, na meza yake iko mbele ya kiti. Kiti kilitangulia.

Wiki iliyopita uliwatumia wafanyakazi Mwongozo wa Adabu za Vikao, unaoagiza wanafamilia wasionekane wala wasisikike. Binti yangu akabonyeza kitu, ukuta ukageuka ukungu, nami nikayeyuka nao. Nimewahi kufutwa na watu wenye bunduki. Kufutwa na mwanangu, tena kwa kidole kimoja, ni mara ya kwanza.

Kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza kulitaja neno adabu, naomba niendelee.

1. Watu wenu wanaingia bila hodi. Mtu anachomoza tu kwenye skrini kama panya darini, na salamu yake ni “Mnanisikia?” Tunakusikia, ndugu. Tunangoja utuamkie.

2. Wengine huzima kamera wakidai mtandao unasumbua. Ajabu ni kwamba mtandao huo unasumbua uso tu. Sauti ya kutafuna inafika salama.

3. Mkuu wenu wa usafirishaji huvaa tai juu na bukta chini. Niliiona siku aliposimama kumfukuza paka. Simlaumu. Ningependa tu kujua ni nusu ipi inayolipwa mshahara.

4. Kikao kikiisha, watu hutoweka bila kuaga. Mimi pia niliondoka kwetu bila kuaga, lakini nilikuwa na sababu. Ninyi mnakimbia nini?

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila asubuhi, kabla hujaingia, mhasibu wenu alikuwa akiniita: “Shikamoo babu. Leo magoti yameamka, au umeyaacha kitandani?” Nami nilikuwa nikimjibu, “Marahaba mjukuu wangu. Moja limeamka, jingine linadai likizo.” Anasema kwa lafudhi ya mji wangu. Kabla yake, tangu nihame sikuwahi kuisikia ila kinywani mwangu mwenyewe, na mtu hawezi kujiamkia. Siku hizi namsikia akiuliza, “Babu yuko wapi?” Binti yangu humjibu, “Amepumzika.” Ndugu Meneja, maneno hayo husemwa makaburini.

Kwa hiyo naomba ukungu uondolewe na nirudishiwe dirisha langu. Naomba pia kila anayeingia apige hodi, kila anayetoka aage, na kamera ziwake muda wote bila udhuru wowote, zikionyesha mtu mpaka viatu. Nasikia kuna kitufe cha kumnyamazisha mtu. Nikabidhiwe mimi. Nitakitumia kwa busara, hata kwako.

Wasalimie wote nyumbani na kazini, ukianza na waliowasha kamera.

Ni mimi, niliye bado kitini,
Baba wa Afisa Ununuzi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu ameniarifu kwamba mhasibu amekwisha kuniombea ruhusa kwako, na umekubali. Kesho ukungu utaondolewa ili tuamkiane uso kwa uso. Ahsante sana. Ila meno yangu yako kwa fundi hadi wiki ijayo. Naomba, kwa kesho tu, niruhusiwe kuzima kamera. Mhasibu akiuliza, mwambieni mtandao unasumbua.