Vita vya Kiuno cha Mama Mikate

Njooni, enyi wenye masikio, sogeeni karibu. La, msisogee sana, kila mmoja akae hatua mbili na mwenzake, kwa maana habari hii ni ya zama za maradhi, na hata shujaa wake asingependa mumpumulie. Tulieni msikie sifa za Fundi Subana, simba jike wa cherehani, mpasua majora, mvunja sindano, aliyeushinda ulimwengu mzima isipokuwa goti lake la kushoto.

Miaka arobaini alitawala chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Humo alikuwa mkurugenzi, na karani, na mfagizi. Na maradhi yalipoingia mjini, wote watatu walifungiwa nyumbani siku moja, wala hapakuwa na mkubwa wa kazi wa kuwapa pole. Majuma tisa cherehani ililala chini ya shuka kama maiti. Shujaa wetu akaanza kusinzia saa nne asubuhi. Akamwaga kopo la vifungo, akavipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa matundu. Na siku alipojikuta anakibembeleza kifungo chekundu kwa kuwa kilikuwa peke yake, akajua adui ameingia ngomeni bila kukohoa.

Akampigia simu binti yake, muuguzi, mtunga sheria wa ukoo.

"Mwanangu, nikiendelea kukaa bure hivi, nitakufa nikiwa na afya njema."

Binti akashusha amri. "Haya, mama, fungua. Lakini hatua mbili, barakoa usoni, na kitu cha mtu kianikwe juani kutwa nzima kabla hujakigusa. Kumpima mtu mwilini, marufuku. Kifua chako nakijua mimi."

"Na kujaribisha nguo?"

"Hakuna. Na nguo ikirudi kurekebishwa hata mara moja, naja mwenyewe kuifunika hiyo mashine, na ufunguo wa chumba naondoka nao."

Ndipo, siku ya Ijumaa, akatokea mlangoni Mama Mikate, malkia wa tanuri, mwenye mikono ya kukanda magunia, ambaye naye alikuwa ameajiriwa na nafsi yake na kuachishwa kazi na maradhi. Miezi miwili tanuri lake lilikuwa nyumba ya paka. Sasa hospitali ilikuwa imekubali awapelekee mikate kuanzia Jumatatu, ila kwa sharti moja: avae koti jeupe, safi, lililofungwa vifungo vyote. Alileta kitambaa, kipande cha mwisho dukani, kisichokuwa na ziada hata ya kushonea leso.

Fundi Subana alikuwa ameikingamisha meza yake mlangoni kama boma. Nyuma ya boma hilo akasimama, barakoa usoni, miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi sikio la kulia. (Anayesimulia anaijua vizuri miwani ile, maana ndiyo anayosomea maneno haya.) Akasema kwa sauti ya majemadari:

"Ewe mwenye tanuri! Sheria imenifunga mikono. Pokea futi hii, ujipime mwenyewe kiuno, nami nitaandika!"

Akairusha. Futi ikaruka, ikatua begani kwa mpiga pasi wa jirani aliyekuwa anapita zake.

"Shikamoo, bibi," akasema yule, akampa Mama Mikate futi na kuendelea na safari.

Mama Mikate akajizungushia futi kiunoni. Kisha akavuta pumzi, akazidi kuvuta, tumbo likapanda kifuani na kifua kikapanda shingoni, macho yakatoka.

"Thelathini na mbili!" akasema kwa sauti nyembamba.

"Pumua, mwenzangu."

"Napumua."

"Hupumui. Naona mishipa."

"Hiyo mishipa ni ya kuzaliwa. Andika thelathini na mbili, fundi, au unataka kunijua kuliko ninavyojijua?"

Akaandika. Miaka arobaini ilimfundisha kuwaamini wateja kwa mambo yote ya dunia ila kiuno. Lakini afanyeje? Akimbishia, mwenziwe atakwenda zake na hasira, Jumatatu imkute bila koti. Akikata kwa inchi thelathini na mbili, vifungo vitagoma na koti litarudi. Na likirudi, cherehani inarudi chini ya shuka, naye anarudi kwa kile kifungo chekundu. Hakika hata wakuu wa vita hawakuwahi kubanwa hivyo, tena na kiuno kisichobanika.

Mama Mikate akageuka aende zake. Na hapo, kwa ile miwani ya uzi, shujaa akaona. Aproni ya kazi ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba mbili; na kamba zile, kwa miaka ya unga na moshi, zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu.

"Mwenzangu! Hebu niachie hiyo aproni."

"Ya nini tena?"

"Nione mfuko wako unakaa wapi. Mkono wa mwoka mikate haupendi kutafuta mfuko."

"Hapo umesema kweli," akasema Mama Mikate, akaifungua na kuitundika kwenye msumari wa nje.

Jumamosi kutwa nzima aproni, futi na kitambaa vilipigwa na jua, na shujaa akavilinda dirishani asije mbuzi. Jumapili akaitandika aproni mezani. Lahaula! Kamba zote zilikuwa kijivu, isipokuwa sehemu mbili zilizojikunja, nyeupe kama meno, pale fundo lilipokaa kila siku bila mtu kuvuta pumzi. Akapima kutoka alama hadi alama, kupitia kiunoni mwa aproni. Mara ya kwanza alishika futi kinyume, akapata ishirini na mbili, akajiuliza mwenzake anaishije. Akaigeuza. Thelathini na nane.

Akashika mkasi, akauambia, "Ewe mkasi, leo tusiaibishane." Akakata. Akashona mpaka goti likalia. Daftarini akaiacha thelathini na mbili kama ilivyo, kwa heshima.

Jumatatu alfajiri koti likatundikwa msumarini, Mama Mikate akaja akalichukua. Kulipokucha vizuri alirudi, akasimama barabarani na kapu la mikate kichwani, vifungo sita vimelala kwenye matundu yao kama watoto walioshiba.

"Unaona sasa?" akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Si nilikwambia thelathini na mbili!"

"Kabisa, mwenzangu. Futi haisemi uongo."

Saa mbili simu ikalia; ni binti, aliyekwisha kusimuliwa habari za koti. "Mama, yule mteja karudi?"

"Amerudi."

Shujaa akauchomoa ufunguo wa chumba kitasani, akautia mfukoni. Ndipo akaendelea:

"Amerudi kushukuru. Hatua mbili, nimezihesabu mwenyewe."

Binti akacheka, kicheko cha kwanza tangu maradhi yaanze. "Tumemwona hapa getini, kapendeza. Mama, wenzangu wawili wanataka makoti. Nikutajie vipimo vyao?"

"Vipimo wabaki navyo," akasema Fundi Subana, mshindi wa viuno visivyoguswa, huku akilikunja lile shuka na kulisukumiza nyuma ya kabati. "Waambie waniletee mikanda yao ya suruali. Nitazame tundu lililochakaa."