Teneur ya Tumbo la Mama Mbelu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Redio imenibariki! Mtaalamu amesema seleni, kitu kinachopatikana pamoja na shaba, ikisagwa kuwa chembe za nano huenda siku moja ikasaidia kutibu saratani za kizazi cha akina mama, hata kuzitambua. Pamoja na shaba! Kolwezi nzima, mji wa migodi ya shaba, tunakanyaga dawa! Hayo ya "siku moja" sikuyafuatilia.
Mama Mbelu, mama mkwe wangu, anatoka damu tangu Krismasi, na hedhi yake ilikwisha zamani. Florentine, mke wangu, anamsihi aende hospitali. Mama hataki. Anaogopa kisu. Nani atamwokoa? Mi, Kalonji!

Jumanne, 4 Machi
Nimeleta vumbi la mgodi wa Mashamba. Nano, nane, ni herufi moja tu: nimelichekecha mara nane. Florentine amelimwaga lote chooni, na chekeche yake ameificha. Eti mama yake si panya wa majaribio. Mathieu jirani, muuza mafuta ya maombi, amecheka mpaka akashika ukuta. Anadai atamponya Mama yeye. Mshenzi!

Alhamisi, 6 Machi
Tiba imekwama, basi tutambue. Gael wa depo ya madini ameniazima bastola yao, mashine ya kupimia teneur, yaani kiasi cha shaba kilichomo ndani ya jiwe. Mashine inayoona ndani ya jiwe itashindwa na tumbo?
Tatizo: sisi batu ba Kasai, mama mkwe hatumpi hata mkono. Nimesimama nyuma ya pazia, nimegeuza uso kwa heshima, nimepitisha bastola. Piii! Shaba, hamsini na nane kwa mia! Nimepiga kelele za furaha. Mtaa mzima umesikia.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu. Ulikuwa ufunguo wa shaba ya manjano, Mama ameufunga kwenye fundo la kikwembe alichojifunga tumboni. Ningeuonaje, na uso nimegeuza? Asubuhi wachimbaji wamefika na machepe yao. Wameniuliza kwa adabu, Tata Kalonji, hicho kilima chenye shaba hamsini na nane kwa mia kina mwenyewe?
Mama amewasikia. Eh Yezu wangu! Amesema mkwe anayemwelekezea bastola tumboni atatoa mbuzi wa faini. Amesema heri kisu cha daktari kuliko kukaa mtaa mmoja na mi. Amepanda pikipiki, Florentine nyuma yake, moja kwa moja hospitali. Mathieu amebaki mlangoni na chupa yake ya mafuta. Hapo nimecheka mi.

Jumatatu, 24 Machi
Majibu yametoka: saratani ya mji wa mimba. Lakini daktari amesema imeshikwa mapema, watatoa kizazi, na Mama ana nafasi nzuri ya kupona. Florentine amelia. Mi pia, sana.
Kisha nikauliza habari za seleni. Daktari amesema utafiti bado uko maabara, chembe za nano hata jicho halizioni, na vumbi la mgodi ni sumu. Akamsifu Mama kwa kuja. Mama! Nani alimfukuza mpaka hospitali? Hakuna aliyenitaja.

Jumapili, 30 Machi
Mama amepasuliwa salama. Anakunywa uji na kunitukana, kwa hiyo anapona. Mbuzi nimetoa.
Leo redio imesema wataalamu wanajaribu pia nano za dhahabu. Dhahabu! Nimemuuliza Florentine, kwa upole kabisa, kama pete ya ndoa haimbani kidole.