Habari za Majemadari wa Dyfi na Uchaguzi wa Kozi

Nileteeni karatasi nyeupe na kalamu isiyokwaruza, kisha mjongee karibu, enyi mnaopenda habari za mashujaa. Nyamazisheni simu zenu na watoto wenu, maana nitawasimulia vita vilivyopiganwa majira yote ya baridi katika bonde la Dyfi, nchi ya Wales, bila mtu yeyote kujeruhiwa, na bila mtu yeyote kufanya chochote.

Kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, na huko hunyesha, mambo yalikwenda hivi. Mererid, binti mpole anayefundisha chekechea ya kijijini, alifungua banda la klabu ya baiskeli nyuma ya kanisa, akawasha birika, akakata mkate wa zabibu na kuupaka siagi. Ndipo walipoingia majemadari wawili, wamerukiwa na matope hadi kwenye nyusi, wakitweta kama farasi wa sultani. Wa kwanza alikuwa Iorwerth, mjomba wake, simba wa miteremko, mwenyekiti wa klabu, mwenye baiskeli nyepesi kuliko kofia ya mkewe. Wa pili alikuwa Hefin muuza nyama, ngome ya vilima, mpasua matope, ambaye goti lake la kushoto lilitabiri hali ya hewa na halikupatia hata siku moja. Waliketi, wakanyoosha miguu, na vita vikaendelea kutoka pale vilipoachwa Jumamosi iliyopita.

Lakini Jumamosi ninayoisimulia, majemadari wameshaketi, maji yalikuwa hayajachemka wala kisu hakijagusa mkate, simu ya klabu ikalia.

Subirini kidogo. Iacheni ilie, niwaeleze kwanza vita vyenyewe.

Kila Alhamisi jioni klabu iliwatoa nje watu waoga: akina mama wa kwaya, mwalimu mstaafu, na mjane aitwaye Bi Olwen, ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu utotoni na alizungumza na breki zake kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Walipita polepole kwenye njia za msituni. Mererid alikuwa nyuma yao wote, akimngojea aliyechoka, akilijaza upepo tairi lililolegea. Binti huyu aliona haya dukani, aliona haya kanisani, aliona haya hata mbele ya mbwa wa posta. Huko nyuma ya msafara tu ndiko haya ilikomuacha.

Sasa watu wa bima walikuwa wametoa tamko: ifikapo Pasaka, kikundi kiwe na kiongozi wa baiskeli za milimani aliyefuzu, la sivyo kifungwe. Majemadari wakaapa mbele ya kwaya nzima kwamba mmoja wao atakwenda kusomea. Ikabaki kuchagua kozi tu.

Kozi zilikuwa mbili. Moja ilifundishwa karibu, msituni, ng'ambo ya mto, kwa watakaowaongoza wanyonge kwenye njia nyepesi. Nyingine ilifundishwa kaskazini, kwenye milima mirefu, kwa watakaowaongoza wenzao penye majabali na ukungu. Mtu mwenye akili ya kuku angeichagua ile ya msituni na kwenda zake kulala. Lakini mashujaa hawakuumbwa na akili ya kuku.

"Ile ya msituni ni ya kubembeleza watoto," alikuwa akihutubu Iorwerth, amesimama, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika mkate. "Mimi nimeshuka majabali ambayo kondoo huyashuka kwa kusali. Leo nikafundishwe kukata kona kwenye njia ya magari ya magogo? Watu watanionaje?"

"Watakuona umelowa, kama kawaida," Hefin alijibu. "Nenda kaskazini basi."

"Kaskazini wanataka usome ramani kwenye ukungu. Si kwamba siwezi."

"Nani kasema huwezi?"

"Nimeona unavyonitazama."

"Nilikuwa naitazama siagi, bwana."

Kisha ilikuwa zamu ya Hefin kusimama. "Mimi ningekwenda hata kesho, Mungu shahidi yangu. Ila mkufunzi wa msituni ni binti wa juzijuzi, na yule wa kaskazini aliniona siku ile nilipoangukia kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe. Mwanamume ana heshima yake."

Hivyo ndivyo walivyopigana. Walizipima kozi kwa sifa za wakufunzi, kwa mwelekeo wa upepo, kwa chakula cha mchana na kwa hali ya vyoo. Oktoba ikapita, Krismasi ikapita, theluji ikaja kutazama ikaondoka. Siku moja tu Mererid alithubutu. "Mjomba, si hii ya karibu ingetosha? Akina Bi Olwen hawaendi majabalini."

"Mwanangu," akasema Iorwerth kwa huruma ya wafalme, "haya mambo ni mazito."

Mererid alikuwa na neno jingine. Lilifika kwenye ulimi, likaona watu, likarudi.

Haya, sasa simu.

"Weka sauti, tusikie wote," akaamuru Iorwerth, na Mererid akaiweka mezani katikati ya vikombe vitupu.

"Hamjambo hapo Dyfi," sauti ikasema. "Ni Non, wa kozi ya msituni. Kuna mtu ameteguka mgongo, imebaki nafasi moja wiki ijayo. Hakuna nyingine kabla ya Pasaka. Mmeiulizia sana nyie, kwa hiyo nimeanza na nyinyi, ila kuna mtu ananingoja kwenye laini nyingine. Nimwandike nani?"

Ni lazima mjue desturi ya bonde lile. Kipande cha mwisho kwenye sahani hakichukuliwi. Kitasukumwa huku na huku, kila mtu akimhimiza mwenzake, mpaka kikauke na kutupiwa kuku. Na atakayekitwaa kabla ya kuhimizwa vya kutosha atasemwa hadi siku ya mazishi yake. Na hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Mashujaa waliipokea desturi ya wazee wao kwa mikono miwili, kama watu wanaozama wanavyopokea kamba.

"Chukua wewe, Hefin. Umengoja sana."

"La hasha. Mwenyekiti ni wewe."

"Nitakuwa mtu gani nikikunyang'anya?"

"Na mimi nitalala vipi nikijua nimekutangulia? Chukua, ndugu yangu, kwa moyo mweupe."

"Huo moyo wako mweupe naujua. Unaogopa kufeli."

"Wewe ndiye uliyesema ni ya watoto."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

"Halo?" ikauliza simu. "Bado mpo?"

"Tunashauriana, mama," wakajibu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu vuli walikuwa kitu kimoja.

Tazameni majeshi mawili yakirudi nyuma, kila moja likimfungulia adui lango lake na kumsihi aingie. Mererid aliwatazama, akaelewa kwamba hapajawahi kuwa na vita. Palikuwa na watu wazima wawili, kila mmoja amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Akawahurumia. Huruma hiyohiyo ndiyo iliyomnyamazisha majira yote ya baridi, na angalikaa nayo kimya tena, kama si Non kupumua kwa nguvu na kusema, "Basi nimpe huyu mwingine?"

"Mpe tu, mama," akasema Iorwerth, mabega yake yakishuka kwa raha kuu. "Sisi tutatazama ya vuli."

"Vuli inafaa," Hefin akaafiki. "Goti langu linapenda vuli."

Mkono ukanyooka juu ya meza. Ulikuwa mdogo, na uliivuta simu.

"Mwambie asante, Mererid, ukate," akasema mjomba.

"Samahani," Mererid akaiambia simu, "kama haitakuwa usumbufu, nilikuwa nafikiri tu, labda, kama hakuna mtu mwingine..."

"Sikusikii, dada. Sema tena."

Waandishi wa historia, chovyeni kalamu. Andikeni kwamba katika mwaka wa mvua nyingi, ndani ya banda lililonuka soksi, mbele ya simba wa miteremko na mpasua matope walioachama vinywa, kozi ilichaguliwa katika bonde la Dyfi. Andikeni kwamba shingo ya binti iliwaka nyekundu hadi masikioni, na kwamba hakuitazama sakafu.

"Niandike mimi," alisema. "Mererid Pugh. Si kwa sababu hakuna mwingine. Nataka kuwaongoza mimi. Nimetaka tangu mwanzo."