Malalamiko Kuhusu Jani Lililovikwa Nguo Nyeusi

Machame, Moshi
Julai 1976

Ndugu Mkuu wa Shule,

Pokea salamu kutoka kwetu mlimani, ambako baridi imetukaba lakini hatujambo, isipokuwa kwa haya nitakayoyaeleza. Mimi ni Ebenezeri Nkya, mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa, na baba wa Elinipendo wa Kidato cha Tatu hapo shuleni kwako. Ni msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufika kidato hicho, na kwa jinsi likizo hii ilivyokwenda, ndugu zangu wanasema awe wa mwisho.

Ninaandika kwa heshima kumlalamikia Mwalimu Manju wa Baiolojia, na somo lake la namna majani yanavyojipikia chakula kwa jua. Kwa Kiingereza somo hilo lina jina refu ambalo mtu mwenye pengo kama mimi hawezi kulitamka bila kuwalowesha walio mbele yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu msiba. Elinipendo alipofika tu nyumbani alikata bitana nyeusi ya koti langu la kanisani, akaifunga kwenye majani ya migomba iliyo langoni. Alisema anataka kuona kama jani lililonyimwa jua linaweza kupika. Mimi nilikuwa nyuma, zizini. Akina mama wa kwaya walikuwa wakipita kwenda sokoni Kwa Sadala, wakaona nguo nyeusi, wakageuza njia. Walirudi wakiwa wengi, na ndizi, maziwa na wimbo wa maziko. Mke wangu Eliona, aliyekuwa anatoka mferejini na ndoo kichwani, alilia kwanza, ndipo akauliza nani amekufa. Wakamwambia, "Kwani si mumeo?" Hapo nikatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe. Kiongozi wa kwaya alianguka kwenye mibuni, na mpaka leo hanipi mkono. Ndizi walikataa kuzichukua, wakisema chakula cha msiba hakirudi kilikotoka. Tumeula msiba wangu juma zima.

2. Kuhusu pombe haramu. Ili kuondoa ukijani wa jani, eti lazima lichemshwe ndani ya spiriti. Huku kwetu spiriti hakuna. Basi binti wa mzee wa kanisa akapita mlango kwa mlango, mchana kweupe, akiulizia gongo. Akaipata, tena upesi kuliko nilivyotegemea kwa kijiji kinachosali kama chetu. Jani likatoka jeupe. Akalidondoshea dawa ya aidini aliyoiomba zahanati, ambayo eti ikikuta wanga hugeuka buluu. Sehemu iliyokaa juani ikageuka buluu iliyokaribia weusi, na sehemu iliyofungwa bitana haikubadilika.

"Umeona, Baba?" akasema. "Hapa hapakupikwa kitu."

Niliona. Siwezi kusema sikuona. Lakini gongo iliyobaki ilikuwa ya kijani, na shemeji yangu Athanas akainywa, akasema ni dawa ya kifua. Sasa kila asubuhi anatuletea jani la kuchemsha.

3. Kuhusu ukupe. Katika mikutano yote ya kijiji tumefundishwa kwamba kupe ni yule anayeishi kwa jasho la mwenzake. Tukiwa tunakunywa mtori wa ndizi, Elinipendo akasema mmea ndio unaojitengenezea chakula, na sisi wengine, ng'ombe na watu, tunakula jasho la majani. Nikamwuliza, "Hata mimi ninayeamka alfajiri kulima?"

"Hata wewe, Baba. Wewe unalima, anayepika ni jani."

Ndugu Mkuu, Elimu ya Kujitegemea tuliipigia makofi, lakini hatukuambiwa kwamba majani yalikuwa yamekwisha kujitegemea kabla yetu. Kesho yake nilishindwa kukata majani ya ng'ombe. Nilisimama na panga mkononi, nikaliomba jani la kwanza radhi. Eliona akaja, akanitazama sana. "Baba Elifuraha," akasema, "unaliamkia jani, na ng'ombe analia?"

4. Kuhusu mauaji. Hapa ndipo penye kidonda. Mwanangu mkubwa, Elifuraha, ameposa kwa Mzee Filemon wa Kwa Sadala, na wazee wa upande wao walikuwa waje kwetu kupanga siku ya harusi. Eliona alitengeneza mbege ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, lakini kwa baridi hii ilikuwa inasuasua kuchachuka. Elinipendo akanifariji. Akasema ndani ya mtungi mna vitu viitwavyo vimeng'enya. Vyenyewe ndivyo vinavyogeuza wanga wa ulezi kuwa sukari, na sukari kuwa pombe, na vinapenda vuguvugu. Nikawaza: kama vinafurahia vuguvugu, vikitokota si vitacheza ngoma? Nikangoja wanawake waende kanisani, nikachemsha mbege yote.

"Baba, umeviua!" Yowe la Elinipendo lilisikika ng'ambo ya korongo. "Vikichemka vinaharibika umbo, havifanyi kazi tena!"

Wageni walipokuja wakapewa uji mtamu. Mzee Filemon akanywa, akachungulia ndani ya kata, akatazama paa. Elifuraha akainamisha kichwa kama aliyekwisha kunyimwa mke. Nauliza: kwa nini shule ifundishe habari za vitu dhaifu kiasi hicho bila kumwonya mzazi mapema?

5. Kuhusu mate ya wakwe. Hapo binti yangu akasimama. "Shikamooni wazee. Naomba msimkasirikie Baba. Vimeng'enya hata ninyi mnavyo, mdomoni." Akatia uji mwepesi wa unga kwenye glasi, akadondosha aidini kidogo, ukawa wa buluu. Kisha akamwomba Mzee Filemon ateme mate ndani yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kwetu mzee hutema mate anapobariki, na Mzee Filemon alidhani huko ndiko kubariki kwa kisomi. Akavua kofia, akatema kwa moyo wote. Tukangoja. Buluu ikafifia, ikafifia, ikaisha.

"Mate yangu yamekula rangi!" akapaza sauti kama kijana.

Wazee wote wakapanga mstari. Mate ya mdogo wake Mzee Filemon yalichelewa, na ndugu hao sasa hawasemezani. Waliondoka wakibishana njia nzima, na siku ya harusi haikutajwa. Mzee Filemon amekwisha kurudi kwetu mara kadhaa, wala si kwa habari za bwana harusi. Anamtaka Elinipendo amweleze kwa nini mate ya nduguye yalichelewa, na ameapa kwamba binti yake haolewi mpaka apate jibu. Elifuraha amekonda. Anazunguka kwenye migomba kama mtu aliyepoteza jembe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, somo la majani lifutwe, au lifundishwe kwa watoto ambao kaka zao wamekwisha kuoa. Pili, Mwalimu Manju aende mwenyewe kwa Mzee Filemon na jani la isale, ambalo sisi huombea radhi, ingawa sijui jani hilo litajisikiaje kutumwa mchana, wakati wa kazi yake. Tatu, mpaka hayo yatimizwe, Elinipendo atabaki nyumbani ajifunze kushona, kazi isiyokuwa na vimeng'enya. Katika hili la tatu sitarudi nyuma.

Nisalimie walimu wote, wapishi wa shule, na miti ya uwanjani kama haina shughuli.

Ni mimi mzazi mwenzako, ninayekula jasho la majani kwa aibu,

Ebenezeri Nkya

Baada ya kutia sahihi: Juma hili ukungu umetufunika, jua hatujaliona hata kwa dawa. Lakini leo nimekuta mgomba wa nyuma ya zizi umechomoza jani jipya, refu, linang'aa. Limepikwa kwa moto gani? Nimemwuliza Elinipendo, naye amefikiri sana, akasema hawajafika huko, labda muhula huu. Kesho nampandisha basi la asubuhi. Ndiye aliyekukabidhi barua hii. Tafadhali msimrudishe kabla hawajafika huko, na umwambie Mwalimu Manju afundishe polepole, asiruke kitu.