Siku Nilitema Divai ya Shangazi ya Masika

Leo nimepata haya, bandugu. Haya ya kweli, ile inakufanya uingie mu nyumba kwa mulango ya nyuma. Jua haijazama, kichwa inaniuma, na naandika hii mbio juu najua vidéo iko mu njia. Basi mupate kwanza maneno yangu.

Munanijua. Mimi ni Kambale, mwalimu ya géographie hapa Butembo, muprotestanti tangu tumbo ya mama. Bière hapana. Divai hapana. Kasikisi, ile pombe ya ndizi kila mutu anakunywa hapa kwetu, hapana. (Hata jus ya maracuja ikikaa siku mbili naiogopaka.)

Shida yangu ni moja tu: nimependa Masika.

Masika ni mukatoliki. Ile tulishaimaliza, bazazi bamesikilizana, hakuna neno. Mais Masika alilelewa na shangazi yake, Mama Kavugho, mwenye kukaa juu ya kilima upande ya Maboya, ukiacha barabara ya Beni. Na huyu mama kazi yake ni kutengeneza divai! Divai ya nanasi, divai ya maracuja, divai ya tangawizi. Ile ya nanasi batu banaitafuta hata kwa ndoa za Beni. Alisikia mutoto anaolewa na muprotestanti, akatuma neno moja: "Aje akunywe kwa mukono yangu. Bila ile, mbuzi za mahari zibakie kwao."

Donc hali njo hiyo. Nikikunywa, kanisa yangu inanihukumu. Nikikataa, nabakia na mbuzi.

Hapa njo Muhindo anaingia. Muhindo ni kaka ya Masika, ana jeep ya zamani yenye mulango moja inafungwa na kamba. Juma hii yote alikuwa ananionyesha vidéo moja ku téléphone. Kisiwa moja ya mbali, sijue ni ya wapi.

"Beau-frère, angalia. Batu banapanda jeep, banaingia mu matope makusudi."

"Makusudi?"

"Makusudi! Kisha banasimama juu ya mulima, banaangalia chini, banasema waaah. Kisha banaonja divai. Jioni banarudi kwao. Njo banaita tourisme."

Nilicheka mpaka machozi. Matope makusudi! Sisi hapa tunaombaka Mungu barabara bila matope tangu tulizaliwa.

"Na sisi tuko na jeep," Muhindo akasema. "Matope tuko nayo. Milima, ndiyo hii. Divai, shangazi. Tunakosa nini?"

"Bahari."

"Bahari hapana lazima."

Mais mimi macho yangu ilikuwa imefika fasi ingine. Mu ile vidéo, mwanaume moja wa suti alizungusha verre, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kama mutu anasikiliza habari ya kifo. Kisha akatema mu kandoo kadogo. Akatema! Na batu bote bakamupigia mikono.

Bandugu, moyo yangu iliruka. Kuonja bila kumeza! Shangazi anafurahi, kanisa inabakia salama. Nilirudilia ile kipande mara ine. Nilifanya répétition mu chumba yangu na maji. (Dada yangu mudogo aliuliza kama niko na kidonda ya kinywa.)

Asubuhi ya leo tukatoka. Muhindo ku volant, Masika katikati, mimi ku mulango ya kamba. Nimevaa chemise mweupe. Mutu mwenye akili anaenda kuona shangazi mu chemise mweupe, si ndiyo?

Ku barrière, musoda moja akasimamisha jeep.

"Bozokende wapi?" akauliza na Lingala, munaenda wapi.

Muhindo akamujibu: "Chef, tunaenda kuangalia milima."

Musoda akageuka. Akaangalia mulima ya kuume. Akaangalia ya kushoto. Akaangalia ile iko mbele.

"Hii munaiacha njo muende kuangalia ingine?"

"Ni tourisme, chef."

"Mimi naangaliaka milima kila siku, na hakuna mutu ananipeleka na jeep." Akafungua barrière, akatusindikiza na macho, mwenye huruma.

Tukaacha barabara mukubwa. Hapo njia inagawanyika. Muhindo anataka kupita kushoto. Mimi nikasema kuume.

"Kushoto njo njia," akasema Muhindo. "Nilikomalia huku."

"Muhindo, mimi nafundisha géographie. Maji inashuka kushoto. Kwa hiyo kuume ni kukavu."

Masika alifunga macho. Tukapita kuume.

Hatukuenda hata mita mia mbili. Jeep ilishuka pole pole mu potopoto, bila kelele, kama muzee anakaa ku kiti. Muhindo akatia crabot, ile inavutisha magurudumu yote ine pamoja. Magurudumu yote ine ikazunguka fasi moja. Akaniambia: "Mwalimu, shuka usukume."

Nikashuka. Nikasukuma. Kule nyuma, kabisa fasi gurudumu inatupa matope. (Ile pia ni science, mais haiko mu programme yangu.) Akakanyaga accélérateur, na mimi nikapokea matope yote ya Maboya ku kifua, ku masikio, na mu kinywa. Ile niliitema muzuri sana, na style.

Bamama batatu bakapita na mizigo ya mihogo ku mugongo. Bakatua, bakainama, bakasukuma mara mbili. Jeep ikatoka.

"Munatoka wapi?" moja akauliza.

"Butembo."

"Mulikuja huku kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

"Kutembea, na jeep, mu matope." Akaangalia benzake. Akabeba muzigo yake. "Pole," akaniambia, kama vile kwetu kuko kilio.

Tukarudi, tukapita kushoto. Kushoto kulikuwa kukavu.

Kule juu Muhindo akasimamisha jeep. Point de vue! Na vraiment, bandugu, kulikuwa kuzuri. Mashamba inashuka kama ngazi, moshi ya asubuhi chini, vilima kwa vilima mpaka macho inachoka. Nikaona ni saa ya kujikomboa mbele ya Masika. Nikanyoosha mukono.

"Munaona kule mbali? Ile kitu mweupe inangaa? Ile ni theluji ya Ruwenzori. Asubuhi kama hii, hewa ikiwa safi, inaonekana mpaka huku."

Masika akatazama wakati murefu.

"Kambale, ile ni mabati ya nyumba ya masomo. Nilisomea pale tatu primaire."

Muhindo akasema "waaah."

Basi tukafika kwa shangazi. Mama Kavugho ni mwanamuke mufupi, mugumu, macho yake inapima mutu kama mizani. Alivaa kikwembe ya kijani yenye ndege za manjano. Masika pia: kijani, ndege za manjano. Ni shangazi alinunua pièce moja, akaikata mbili, moja yake, moja ya mutoto yake. Niliona ile upendo, nikaguswa. (Mushike mu kichwa ile kikwembe. Kikwembe njo iliniua.)

Alikuwa ameita bajirani, bamama na bababa kama kumi na mbili, na katekista ya kilima, muzee mupole wa kofia. Bote bamekaa ku bibenchi kungoja kuona muprotestanti anakunywa. Mama Kavugho aliangalia chemise yangu.

"Njo huyu?"

"Njo yeye, shangazi," Masika akajibu, na sauti mudogo.

"Alilala wapi?"

Bakaniletea maji, nikanawa uso. Kisha Mama Kavugho akaleta bidon ya kwanza, nanasi. Akamimina mu verre, akakunywa yeye kwanza, mbele ya bote, akafuta kinywa. Vile njo desturi: anayekupa anaonja, ujue hakuna kitu mubaya ndani. Kisha akanipa ile verre na mikono mbili.

Nikasimama. Nikaipandisha ku mwangaza. Nikaizungusha, ikamwagikia kidogo magoti ya katekista. Nikaingiza pua ndani.

"Inanuka?" Mama Kavugho akauliza.

"Hapana, mama, nasikiliza harufu."

Nikaonja. Nikatikisa kichwa kama ile mwanaume wa suti. Nikatafuta kandoo. Kandoo hakuna. Nikageuka kwa heshima yote nilikuwa nayo, nikatema chini.

Nikangoja mikono.

Hakuna mutu alipiga mikono. Mama moja akavuta mutoto yake karibu. Katekista akatoa kofia.

"Ametema," mutu moja akasema pole pole.

Mama Kavugho akasimama. Sauti yake haikupanda, na ile njo iliniogopesha.

"Batu ya kilima, mumeona. Nimekunywa mbele yake. Na yeye ametema. Anasema mimi Kavugho niko mutu ya sumu."

Bandugu! Mu nchi yetu hii, mutu akitema kinywaji yako mbele ya bajirani, amekupeleka ku tribunal! Hakuna neno mubaya kupita ile. Na mimi ile yote naijua! Nilizaliwa hapa! Mais akili yangu ilikuwa imebakia ku kisiwa.

"Mama, hapana! Ni dégustation! Ni technique!"

"Kwenu ku kanisa banafundishaka kutema?"

"Hapana mama! Ni ku téléphone!"

Muhindo, ile shahidi yangu ya pekee, alikuwa anaangalia viatu vyake. Masika akalia. Vile tu machozi ilianza kushuka, nikaona mbuzi zangu zote zinarudi ku zizi, moja moja. Na nikawaza: Mungu ananijua, kanisa itanisamehe, mais huyu mwanamuke akitoka mu maisha yangu juu ya mate, sitajisamehe.

Nikapiga magoti, nikachukua ile verre, nikaimaliza. Yote. Nikaigeuza chini, bote baone.

"Ile ni ya nanasi tu," akasema Mama Kavugho.

Akaleta ya maracuja. Nikamaliza. Akaleta ya tangawizi, nikamaliza, nikasikia moto mpaka ku vidole vya miguu. Katekista akasema "apewe tena ya nanasi, ile ya kwanza aliitema nusu." (Muzee mupole! Nilimwagia magoti yake, alilipiza.) Nikaongezewa. Nikamaliza.

Bandugu, mutu ya miaka makumi tatu na moja, hajawahi kuonja, verre ine mu robo saa, na asubuhi alikula mukate moja.

Kwanza nilipenda batu bote. Nikasalimia bibenchi. Nikawafundisha tabaka za dunia, nikichora chini na fimbo ya katekista. Kisha nikasikia ni saa. Saa ya kusema neno ya mwanaume. Nikatafuta Masika mu ile batu, na macho ikaniletea kijani, ndege za manjano. Nikaenda. Nikapiga goti. Nikashika mikono yake yote mbili.

"Mupenzi wangu," nikasema, na sauti ya kuhubiri. "Tangu siku ya kwanza nilikuona ku soko, silale. Mashavu yako ni kama nanasi. Ule shangazi yako ni mukali, ananitazama kama mwizi wa kuku, mais mimi simuogope. Akikataa, nitakuiba! Tutakimbilia Beni! Unikubali, nitaleta mbuzi zote, na ya juu nitaongeza moja, ya kumufunga kinywa ule mama."

Kisha nikasikia kilio ya Masika. Ilitoka nyuma yangu.

Nikapandisha macho pole pole. Ndege ya manjano. Ndege ya manjano. Shingo. Na Mama Kavugho, ananitazama kama mwizi wa kuku.

Bandugu, nilitamani ile potopoto ya asubuhi.

Na kabla niachilie mikono yake, kitu kikatoka mu kifua ya ule mama, kama gari inakataa kuwaka. Mara moja. Mara mbili. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka akakaa chini. Bajirani bakaanguka ku bibenchi. Katekista alijifuta machozi na kofia. Ile kilio ya Masika, kumbe na yeye alikuwa anacheka, amejifunga mudomo na kitambaa.

"Ni miaka kumi na tano tangu mume wangu alikufa," Mama Kavugho akasema, akitafuta pumzi. "Hakuna mwanaume alikuja kuniambia hata nusu ya ile. Na huyu anataka kunikimbiza Beni!" Akanishika sikio, akanisimamisha. "Mupumbavu, ndiyo. Mais si mutu ya kiburi. Mutoto nimekupa. Ile mbuzi umeongeza ni yangu, nimeisikia na masikio yangu. Na siku ya ndoa, mutu asimupe huyu hata tone ya divai! Fanta tu!"

Nikasema "wasingya, mama, wasingya," ile aksanti ya kwetu. Nafikiri nilisema mara makumi mbili. Kisha nikalala mu jeep, uso ku dirisha. Ku ile point de vue bakasimamisha tena jeep, juu nilitaka kutapika. Ile mara sikuangalia milima.

Kushuka, ku barrière, ule musoda alinikuta vile nimelala. Akauliza Muhindo: "Na huyu?" Muhindo akajibu: "Chef, huyu aliona milima mingi." Bakacheka bote mbili. Nilisikia, nikabakia macho imefungwa.

Sasa niko nyumbani. Masika amenitumia neno moja tu: "Mupenzi wangu wa Beni." Muhindo, kumbe ile saa yote hakuwa anaangalia viatu, alikuwa anachukua vidéo. Nafundisha sixième siku ya kwanza ya juma, asubuhi, batoto makumi tano na mbili, na kila moja ana téléphone ya kaka yake.

Mutu akicheka, acheke kwake, afunge mulango. Mimi nitaoa. Hiyo tu mushike.