Malalamiko Kuhusu Kiti cha Marehemu Baba Kilichopelekwa Kongamanoni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Kongamano la Kuenzi Fikra za Marehemu Profesa,
Kitivo cha Uchumi.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta umepumzika baada ya shughuli nzito. Mimi ni binti wa marehemu profesa mliyemuenzi wiki iliyopita. Unanifahamu. Ulipokuwa mwanafunzi wake ulikuja kwetu kila Jumamosi na makaratasi kwapani, na sisi watoto tulikuita Kaka Tanbihi, kwa kuwa hukuweza kuomba hata maji ya kunywa bila kutaja nani aliyaomba kabla yako. Leo nakuandikia kwa cheo chako, si kwa jina hilo. Nimelitaja tu ili usinijibu kupitia kwa katibu muhtasi.

Kazi yangu ni ukarani wa mahakama. Nimepokea malalamiko ya watu wengi na najua yanavyoandikwa: kwa namba na bila matusi. Naomba pia ieleweke tangu mwanzo kwamba haya si malalamiko yangu. Ni ya mama yangu, mjane wa marehemu, ambaye ni mtu wa haya na hawezi kujisemea. Mimi namsemea tu.

1. Kuchukuliwa kwa kiti. Siku chache kabla ya kongamano, gari la chuo lilifika nyumbani nikiwa kazini, likaondoka na kiti cha baba. Si kiti cha ajabu. Ni cha mbao, kina mikono mipana na mto wa kijani uliobonyea katikati, na mguu mmoja wa nyuma umefungwa waya. Niliporudi nilikuta pengo sebuleni na alama za miguu yake kwenye zulia. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilielewa uchungu wake papo hapo, na sikumuuliza neno, nisije nikamtonesha kidonda.

2. Kamba. Nilipofika ukumbini nilikiona kiti jukwaani, kimezungushiwa kamba nyekundu, na kibao kinachokataza kukikalia. Nilisogea nirekebishe mto, maana mlikuwa mmeugeuza juu chini. Mlinzi akanizuia kwa adabu. Nilimweleza kwamba marehemu ni baba yangu. Akanijibu, bado kwa adabu, kwamba tangu asubuhi kila anayepanda pale anasema marehemu alikuwa baba yake, na yeye hakupewa maelekezo yoyote kuhusu watoto. Simlaumu. Nilienda kukaa nyuma ya wafadhili, chini ya kiyoyozi kilichonipuliza shingoni mpaka mapumziko ya chai.

3. Mada iliyohusu kiti. Mhadhiri kijana mwenye suti ya bluu alionyesha kwenye skrini picha ya mkono wa kulia wa kiti, pale rangi ilipochubuka, akathibitisha kwamba marehemu aliegemea upande huo alipokuwa akifikiria mikopo ya wakulima. Ule mbonyeo wa kwenye mto akauita shimo la tafakuri. Ndugu Mwenyekiti, baba alikuwa anasinzia mle. Alikoroma kuanzia taarifa ya habari mpaka chakula kiive, na rangi ilichubuka kwa sababu ndipo alipogongea kikombe akitaka chai. Nilinyoosha mkono niseme hayo. Mwongoza mjadala akaniambia kwamba muda unaruhusu maswali tu, na langu linaelekea kuwa maelezo. Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuwa baba angecheka, lakini iliniuma.

4. Fundisho lenyewe. Baba anajulikana kwa jambo moja: kabla ya kumletea mtu maendeleo, mtu huyo aulizwe kwanza. Kwa ajili ya hilo alizunguka vijijini wakati wenzake wanapanga kila kitu maofisini, akagombana na mawaziri, akakosa vyeo. Kongamano lenu limeyachapa maneno "Aulizwe Kwanza" kwenye mifuko, vikombe, fulana, mpaka vitambaa vya kupangusia midomo. Wasemaji waliyatamka wamefumba macho. Sasa nauliza, je, mama aliulizwa? Watu waliovaa fulana za "Aulizwe Kwanza" ndio waliobeba kiti cha mjane bila kumuuliza mjane. Sijui kama kuna mada inayoweza kuandikwa kuhusu hilo, lakini ikiandikwa naomba nakala.

5. Kulia. Wewe mwenyewe, katika hotuba ya kufunga, ulilia. Ulilia vizuri, na sina tatizo na ubora. Tatizo langu ni utaratibu. Wafiwa ndio hutangulia, halafu ndugu, halafu majirani, na wataalamu mwisho. Mimi sijalia mpaka leo. Siku ya mazishi nilikuwa nahangaika na maturubai na viti vya kukodi, baada ya hapo zikaja shughuli za mirathi, kisha nikarudi kwenye majalada yangu. Nilijiahidi kulia nitakapopata nafasi. Ukanitangulia, tena kwa kipaza sauti. Nilikuonea wivu, Ndugu Mwenyekiti, na ninalisema hilo waziwazi ili lisije likasemwa na mtu mwingine.

6. Azimio la mwisho. Kongamano limeazimia kwamba kiti kizungushwe katika vyuo mbalimbali, ndani na nje ya nchi, kabla ya kuwekwa makumbusho. Baba hakuwahi kupanda ndege bila kutapika. Kiti chake kina mguu wa waya. Sioni kwa nini kisafiri.

Kwa hiyo, kwa niaba ya mama, naomba kiti kirudishwe kabla ya mwisho wa wiki hii.

Kama kamati inashikilia kwamba huo ni urithi wa taifa zima, basi ichukue urithi wote, isichaguechague. Kuna ukuta wa uani alioanza kuujenga akauacha ukiwa umefika magotini. Kuna redio inayoshika stesheni moja, tena mpaka uishike na wewe. Kuna baba mdogo, aliyekuja msibani kwa siku chache na bado yuko chumba cha wageni, anafafanua fikra za marehemu kila tunapokaa kula na kuongezwa chakula katikati ya ufafanuzi. Huyo naye azungushiwe kamba.

Kama hilo nalo ni gumu, mama mwenyewe achukuliwe awekwe jukwaani kando ya kiti, na kibao chake. Ametumika muda mrefu kuliko mto, na alama anazo.

Na nikikataliwa yote hayo, kongamano la mwakani lifanyike sebuleni kwetu. Wataalamu wakae chini kwenye zulia, walizunguke pengo, walijadili. Chai nitapika mimi. Maelezo hayataruhusiwa, maswali tu.

Nisalimie shemeji na watoto. Wasalimie mlinzi wa kamba, dereva wa gari la chuo, na wafadhili wote wa safu ya mbele, ambao visogo vyao sasa navifahamu vizuri. Mwongoza mjadala msalimie pia, lakini kwa kifupi, muda ukiruhusu.

Ni mimi, ninayeandika nikiwa nimesimama,

Binti wa marehemu,
Karani wa mahakama.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mama barua hii ili atie saini yake, kwa kuwa malalamiko ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapiga pasi. Kisha akasema kwamba aliulizwa. Aliulizwa na wewe kwa simu, na yule mhadhiri wa suti ya bluu akaja, akanywa chai, akamuuliza tena. Yeye ndiye aliyewaambia gari lije mchana, nikiwa kazini. Anasema tangu tumzike baba, kila jioni nikirudi naingia kwenye kiti kile na mkoba wangu mapajani, sivui viatu, sili, siongei, na yeye anakaa jikoni akisubiri nitoke. Aliona bora kiti kiondoke kuliko nami nimfuate baba.

Saini amekataa. Ningeichana barua, lakini amesema niitume hivyo hivyo, ili Kaka Tanbihi ajue tunavyoishi. Kuhusu baba mdogo tu ndipo anapoomba kamati ifikirie.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza. Kisha akazima pasi, akavuta kigoda, akaniuliza mimi naendeleaje. Nimelia mpaka baba mdogo ametoka chumbani kuja kutazama.

Kwa hiyo usihangaike kujibu upesi. Mama na mimi bado tunazungumza.